Barua ya wazi kwa marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: ugomvi wa ndege mliumaliza fasta, wa vitunguu je?

Shikamooni waheshimiwa, wote nane.

Mi nauza vitunguu. Navitoa Mang'ola, kule Karatu pembeni ya Ziwa Eyasi, navipeleka Nairobi kwa kupitia Namanga, na kazi hii niliianza 2012 nikiwa na magunia sita ya kuungaunga kwenye gari la mtu. Barua hii ningeweza kuileta kwa mkono maana Fuso tunalokodi linapita Arusha karibu kila wiki na makao makuu ya Jumuiya yako palepale mjini, ila nikajiuliza nikifika getini na yeboyebo zangu nitasema nimetumwa na nani. Kwa hiyo naiandika hadharani, atakayeiona awafikishie.

Nianze na siku tatu za Namanga, hizo ndo zimenifanya nishike simu niandike. Tulikuwa watu watano, wanawake watatu na wanaume wawili, tumechanga tukakodi gari moja kwa sababu hakuna kati yetu mwenye mzigo wa kujaza Fuso peke yake, na kila mtu magunia yake yana alama, ya kwangu huwa nafunga kamba ya bluu. Sasa kuna ule utaratibu wenu, na nausifia kwa moyo mweupe kabisa, kwamba mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anapata cheti cha uasili wa bidhaa palepale mpakani, hana haja ya kuzungushwa na mawakala. Tukapanga foleni na vitambulisho vyetu mkononi. Kijana aliyekuwa dirishani akatoka mpaka nje, akalizunguka gari, akarudi akasema gari moja mzigo mmoja, na huu mzigo unazidi dola 2,000, tafuteni wakala. Tukamwambia bosi angalia kamba, bluu, nyekundu, nyeupe, njano, na yale yasiyo na kamba kabisa, hao ni watu watano. Akasema yeye hasomi kamba, anasoma namba ya gari.

Ofisi yake siitaji, na wala sikumchukia yule kijana maana aliongea kwa adabu na inawezekana ndivyo alivyofundishwa. Ila kitunguu hakina subira waheshimiwa. Usiku wa kwanza dereva alifunua turubai upande mmoja mzigo upate hewa. Usiku wa pili ikanyesha, ikabidi tufunike, na hapo ndo mambo yalipoharibika kwa sababu kitunguu ukikifunika huku joto la mchana limo ndani kinajipika chenyewe. Asubuhi ya tatu chini ya bodi kulikuwa na maji ya kahawia yanadondoka tone kwa tone, nzi wamejaa, na ile harufu ambayo ukishainusa mara moja hutaisahau. Tukashusha gari zima tukakaa chini tukaanza kuchambua kimoja kimoja, kinachobonyea kule, kizima huku. Mama mmoja kati yetu alikuwa anachambua huku anahesabu kwa sauti ya chini, akifika kumi anaanza upya, nikamuuliza unahesabu nini dada, akaniambia ada. Watoto wa pale wakaja na ndoo kuokota vilivyooza nusu, mama lishe naye akachukua vya kwake akakata upande mbovu akatupa, upande mzima ukaingia kwenye sufuria ya maharage, na mchana tukauziwa maharage hayohayo na tukalipa. Wakala alikuwa ameshapatikana tangu siku ya pili, hela yake ameshakula, kilichokuwa kinasubiriwa ni karatasi moja tu ya upande wa pili. Mi nilikuwa na magunia kumi na tisa. Yaliyovuka ni kumi na moja.

Na hapo ni kituo cha pamoja kile ambacho marehemu Magufuli na Mzee Uhuru walikuja kukizindua wenyewe Desemba 2018, tukaambiwa sasa unasimama mara moja tu unaondoka. Jengo ni zuri kweli, choo kipo, AC ipo. Vitunguu ndo viko nje.

Sasa niwakumbushe kitu. Januari 2024 Kenya iliikatalia Air Tanzania kibali cha ndege ya mizigo, Tanzania ikajibu kwa kutangaza kwamba Kenya Airways haitabeba abiria kati ya Nairobi na Dar kuanzia tarehe 22. Mnakumbuka iliishaje? Mawaziri wakazungumza, siku chache tu jambo limekwisha, hiyo tarehe 22 yenyewe haikufika. Nilifurahi kwa kweli maana nina ndugu wanaosafiri, ila nikabaki najiuliza, kumbe inawezekana? Kumbe hii kitu mnayoita vikwazo visivyo vya kiforodha, ambayo kila mwaka inaundiwa kamati ya wataalam na semina na fulana, dawa yake ni waziri kumpigia waziri mwenzake simu?

Maana Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa kusema yana sumukuvu haikuwa hivyo. Malori yalijipanga, na hata zuio lilipolegezwa baada ya siku chache likaja na rundo la vyeti na usajili, ikabidi tusubiri mpaka Mama Samia alipokwenda Nairobi mwezi Mei ndo jambo likasogea. Sibishani na sumukuvu, jamani sumukuvu inaua, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara na Manyara ni majirani zangu. Hoja yangu ni saa. Ndege siku chache, mahindi miezi, wakati ndege ikisubiri uwanjani haiozi.

Na sisi Watanzania tusijifanye malaika. Ni sisi mwaka 2017 tuliochoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya, hapohapo Namanga, vikiwa hai, na mwaka uleule tukapiga mnada ng'ombe kama 1,300 wa Wamasai wa upande wa pili. Mtu ambaye boma la baba yake liko huku na la mjomba liko kule, ng'ombe wake anafuata nyasi tangu enzi hizo Jumuiya haijaota, tukamwambia ng'ombe wako hana visa.

Sasa hapa nasema jambo linaloniaibisha. Julai 2025 wizara yetu ya viwanda na biashara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zimo saluni, ufundi simu, uwakala wa pesa za mtandao, kuongoza watalii, na mojawapo ikawa kununua mazao shambani. Mi siku ile nilifurahi, nilinunulia vijana wa kupakia soda kreti nzima. Maana Wakenya walikuwa wanakuja Mang'ola na magari yao wananiharibia soko, mkulima akisikia tu mtu anasema "niaje" anaongeza bei, mi niliyezoeana naye miaka kumi naambiwa kaka leo subiri kwanza. Nikasema haya, sasa shamba limekuwa letu, faini si chini ya milioni 10 na jela juu, nani atathubutu kuja tena.

Msimu huohuo nikaanza kuona. Kuna mama mmoja wa Kiambu alikuwa ananunua jaruba kwa jaruba, analipa keshi, na wakulima wengine alikuwa anawakopesha hela ya mbegu na dawa kabla ya msimu. Hakuja. Mkulima mmoja akanipigia simu usiku, akaniambia kaka vitunguu vipo, njoo uchukue kwa bei yako. Kwa bei yako! Hilo neno mkulima mwenye wateja wawili halitoki mdomoni mwake hata umfanyeje. Nikaenda, nikachukua kwa bei yangu, sitawadanganya kwamba nilikataa. Nilipofika Nairobi na ule mzigo mteja wangu mkubwa ni nani sasa? Yule yule mama wa Kiambu, amekaa sokoni kwake amevaa leso kiunoni, akaangalia magunia akaangalia na mimi akasema, "Si mlitufukuza? Sasa ni mimi nitakuambia bei." Nikauza kwa bei yake. Kwa hiyo jumlisheni wenyewe, mkulima kapigwa na mimi, mimi nimepigwa na mama, na amri ilitungwa kunilinda mimi.

Najua ilianzia wapi, zilikuwa kelele za Kariakoo kuhusu Wachina kuuza rejareja mpaka vitu vya kwenye meza, na zile kelele zilikuwa na haki kabisa. Lakini Mchina wa Kariakoo na mama wa Kiambu mnawatiaje kapu moja? Na huyu mama si mlisaini naye itifaki ya soko la pamoja, ikaanza kazi Julai 2010, watu, bidhaa, huduma, mitaji na ajira vipite bila bughudha? Kenya ililalamika kwamba amri inakiuka hiyo itifaki na walikuwa na hoja, japo na wao mikono yao si misafi, waulizeni Waganda wa maziwa na mayai.

Aya inayofuata mke wangu kaniambia niifute. Naiacha.

Kuna watu ambao kwao huu mpaka haupo kabisa. Novemba 2024 Dk. Kizza Besigye, mpinzani wa Uganda, alichukuliwa Nairobi, siku chache baadaye akaonekana mahakama ya kijeshi Kampala. Mei 2025 Wakenya Martha Karua, mwanasiasa, na Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga walikuja Dar kufuatilia kesi ya mpinzani wetu Tundu Lissu, wakarudishwa kutoka uwanja wa ndege, na wanaharakati Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda wakakamatwa, baada ya siku kadhaa wakakutwa wametelekezwa, mmoja upande wa Kwale mwingine Mutukula, wote wawili wakasema waliteswa. Oktoba mwaka huohuo Wakenya Bob Njagi na Nicholas Oyoo wakachukuliwa Uganda, wakakaa siku 38 ndo wakaachiwa. Mi si mwanasiasa, hao wengine hata sera zao sizijui vizuri, nauliza kama mtu wa mizigo tu. Hawa walivukishwa kwa karatasi ipi? Wakala wao alikuwa nani? Mbona gari lililombeba Besigye halikulala mpakani siku tatu na turubai juu? Kwenye jambo hilo ushirikiano wenu ni wa kupigiwa mfano, simu inapigwa, geti linafunguliwa, hakuna anayeuliza uasili wa bidhaa. Kumbe soko la pamoja lipo na linafanya kazi, ila bidhaa yenyewe ni mtu aliyekamatwa.

Na Kongo. DRC mliipokea 2022 kwa shangwe kubwa, tukaambiwa sasa Jumuiya inatoka Bahari ya Hindi mpaka Atlantiki. Novemba mwaka ule kikosi cha Jumuiya kikaingia Goma, Desemba 2023 kikaondoka. Januari 2025 waasi wa M23 wakaichukua Goma, Februari wakaichukua Bukavu, mkakutana Dar tarehe 8 Februari pamoja na SADC, ile jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, mkatoa tamko mapigano yakome, na ilipofika Juni mawaziri wa Rwanda na DRC wakapanda ndege kwenda kusaini Washington. Rwanda inakana kuwa na mkono kwa M23, wataalam wa Umoja wa Mataifa wanasema vingine, mi simo huko. Ninachokiona ni kwamba wagomvi wote wawili wanakula meza moja Arusha, bendera zao zinapepea mlingoti kwa mlingoti pale barabarani, halafu kesi inaamuliwa kwa mtu wa ng'ambo ambaye macho yake yako kwenye kobalti. Sisi kwetu hata mke na mume wakigombana wanaanzia kwa mshenga.

Baba yangu alikuwa utingo wa malori ya Nairobi. 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na redio yake ya betri sita ilikuwa imebaki kwa fundi kule Nairobi, alikuwa ameipeleka ibadilishwe spika. Mpaka ukafunguliwa 1983. Akaenda, na risiti anayo, ameitunza kwenye bahasha miaka sita, akakuta pale kwa fundi pamekuwa bucha. Mpaka leo ukimuuliza habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki hataji Nyerere wala Kenyatta wala Amin, anataja redio. Na mkataba mpya uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 umeandika wenyewe kwenye utangulizi wake kwa nini ile ya kwanza ilikufa, wakubwa kukosa utashi wa kisiasa, faida kugawanywa bila uwiano, na wananchi na sekta binafsi kutoshirikishwa ipasavyo. Yaani sababu mnazo, mmeziandika nyinyi wenyewe na mkatia saini chini yake.

Sarafu moja sizungumzii, ilikuwa iwe 2024 sasa inasemwa 2031, mi nimeshazoea wale vijana wa pale Namanga wenye mabunda mkononi, shilingi moja ya Kenya kwa kama 19 au 20 za kwetu kutegemea kaamkaje siku hiyo. Na michango ya nchi ambayo hailipwi mpaka bunge la Jumuiya linasimamisha shughuli kwa kukosa hela nayo nairuka, hiyo ni aibu yenu si yangu.

Ninachoomba mimi ni vitu vya bei rahisi. Mtu akifika na gari la kuchangia, hesabuni watu, msihesabu magurudumu, na hilo liandikwe kwenye karatasi libandikwe dirishani, kwa Kiswahili, maana mmeshakifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya na kila tarehe 7 Julai mnakisherehekea kwa ngoma, halafu fomu niliyopewa siku ile ilikuwa ya Kiingereza tupu, yule mama wa ada aliijaza jina la mumewe kwenye nafasi ya dereva. Mama Samia, hili la kununua mazao shambani watoe watu wa Jumuiya kwenye ile amri, nakuomba nikiwa mmoja wa waliofaidika nayo kwa wiki kama tatu. Na hili la vitambulisho, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho cha taifa toka 2014, mi Mtanzania NIDA yangu inaishia getini, nikitaka kwenda kudai hela yangu Nairobi kwa amani naambiwa pasipoti, 150,000, na kabla ya hiyo kuna siku za kufuatilia. Rais Ruto, wewe uliwahi kusema zamani ulikuwa unauza kuku barabarani, kuku na kitunguu ni sufuria moja, hebu wapigie simu watu wako wa karatasi za mimea wafanye kazi na Jumapili, maana kitunguu Jumapili hakiendi kanisani. Na mkishindwa yote hayo basi nipeni namba ya aliyepiga simu ya ndege.

Sisi watano tumeshakaa kikao chetu. Kwa vile dirishani wanasoma namba ya gari, tumeamua Fuso litashusha Arusha, halafu kila mtu anakodi kirikuu yake, magari matano badala ya moja, madereva watano, mafuta mara tano, na kila mmoja anafika dirishani na mzigo wake chini ya dola 2,000 kama sheria inavyotaka. Hela itakayoongezeka mtailipa kwenye kachumbari. Tunapakia Jumatatu, kwa hiyo mkipita na misafara yenu maeneo ya Longido mkaona kirikuu tano zimefuatana, ya mbele ina kamba ya bluu, ndo sisi.